Vita vya Vifungo Vinne Zizini kwa Fundi

Njooni mnisikilize, enyi mliokaa kivulini na enyi mliosimama juani, wenye haraka zenu na msio na kazi. Mwenye kuchambua mchele na auchambue polepole, mwenye redio na aizime, na mwenye mtoto anayelia ampe kitu cha kutafuna, kwa maana nasimulia leo habari za siku ile ambapo shemeji yangu Fundi, Bwana wa Cherehani ya Miguu, Mkunjaji wa Pindo Zisizofumuka, Mtia Uzi Asiyehitaji Miwani, aliingia zizini kupambana na ndama wawili wa wiki sita, na akatoka hai. Msidhani habari hizi nimeziokota njiani. Nilikuwapo. Nilishika mguu wa nyuma, wa kushoto, na alama ninayo pajani mpaka leo, nitamwonyesha yeyote atakayeniomba kwa adabu.

Mimi ni nani? Mimi ni karani mstaafu wa baraza, mtu niliyeandika kumbukumbu za vikao miaka thelathini na miwili bila kufuta neno hata moja. Mke wa Fundi ni dada yangu mkubwa, wa tumbo moja. Tangu nistaafu nakaa chumba cha uani kwao, nami kwa shukrani nikaanzisha Daftari la Nyumba, lenye jalada jeusi, ambamo huandikwa kila linalotokea katika boma hili: kuku aliyetaga, bati lililovuja, mgeni aliyefika na saa aliyoondoka. Wapo wanaocheka. Na wacheke! Kilichoandikwa kimeandikwa. Likumbukeni neno hilo, maana litanirudi usoni kabla hatujamaliza.

Sasa sikieni chanzo cha vita. Fundi ni mtu wa nguo. Mwenye ng'ombe ni dada yangu. Yeye ndiye aliyewalea, ndiye anayejua yupi anakohoa kwa vumbi na yupi anakohoa kwa madeko, na ndiye aliyekuwa akikamua asubuhi na jioni huku akiwasengenya majirani wote kwa sauti ya chini. Basi mwaka huu akaingia ng'ombe mmoja wa kahawia, aliyekuja ukubwani na pembe zake mbili ndefu. Asubuhi moja dada yangu aliinama kuokota ndoo, na yule ng'ombe akageuza kichwa, pengine kwa ajili ya inzi tu, hakuwa na ubaya na mtu. Mbavu mbili zikavunjika. Dada alilala kitandani wiki tano, na ng'ombe wa kahawia akaondolewa siku ya tatu.

Ng'ombe aliondoka, hofu ikabaki. Dada alipopona, kila asubuhi alikwenda hadi mlango wa zizi na ndoo yake, akaweka mkono juu ya mti wa kufungia, akasimama. Anasimama weee! Kisha anamkabidhi ndoo jirani yetu Kinyozi, kijana mwema aliyekuwa akitukamulia kabla ya kufungua kibanda chake, na tena jioni, na yeye anageuka akisema amesahau sufuria motoni. Kila siku sufuria ile ile. Na jikoni moto wenyewe ulikuwa haujawashwa. Mimi sikuliandika jambo hilo daftarini, na Fundi hakulisema, lakini nilimwona akimtazama mkewe anavyorudi mikono mitupu, na mguu wake ukisahau kukanyaga cherehani.

Ng'ombe waliobaki wawili hawana pembe, zao ziliondolewa utotoni, na wote wawili walizaa siku moja wakati dada bado kalala na mbavu zake. Siku moja ndama alipitisha kichwa katikati ya mbao, dada akamkuna utosini kwa mapenzi, mara mkono ukasimama. Akaingia ndani kimya, akaanza kukata mboga ambazo zilikwishakatwa.

"Vimeshatoka," alisema bila kuinua uso. "Viko chini ya manyoya, vigumu kama vifungo vya koti. Baba Watoto, nisikilize. Hawa wakiota pembe, mimi humo zizini sitii mguu tena maisha yangu. Wapewe mtu mwingine, wote, na mama zao. Nimechoka kusimama pale mlangoni kama mgeni."

Fundi akavua tepu ya kupimia shingoni, akashika mkasi wake mkubwa wa kukatia suti, akaapa mbele yangu kwamba hakuna mnyama atakayeota pembe katika boma lake, na kwa kuwa mmoja wa ndama ni dume, atamhasi vilevile, ili asije akawa fahali wa kuwasumbua watu na ukuta wa jirani. Niliandika kiapo hicho neno kwa neno. Lakini nilijua asichokisema.

Kila shujaa ana mahali pake pa kupenya mshale, na kwa Fundi mahali hapo ni puani. Vichipukizi vya pembe huondolewa kwa chuma cha moto, na chuma cha moto juu ya manyoya hutoa moshi, na moshi huo unanuka. Sasa mtu aliyepiga pasi ya mkaa miaka arobaini hajui harufu ya kuungua kama nyinyi mnavyoijua. Kwake yeye harufu hiyo ina maana moja tu, nguo ya mteja imeharibika. Ujanani aliwahi kuunguza koti la bwana harusi asubuhi ya harusi yenyewe, bwana harusi akiwa amesimama pale pale na soksi zake miguuni. Tangu hapo, hata kuku akibabuliwa manyoya nyumba ya tatu, Fundi hutafuta pa kukaa. Mara mbili amekosa, akakaa chini bila kupenda.

Basi siku ikawadia. Saa tatu asubuhi alifika daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye pikipiki kubwa na subira ndogo. Aliingia zizini, akawachoma ndama wote wawili ganzi kichwani na sindano ya maumivu shingoni, wala hakuuliza habari za nyumbani.

"Dume yupi?" aliuliza.

"Yule mkali," alisema Fundi.

Sikuridhika na jibu lisilo na ushahidi, nikafungua Daftari nikasoma kwa sauti ya baraza: "'Saa kumi jioni, wamezaliwa ndama wawili. Mmoja dume, mkali, ameitwa Jemadari. Mmoja jike, mpole, ameitwa Mwali. Shahidi, Fundi.'"

"Haya, mzee, vizuri," alisema daktari, huku simu yake ikilia mfukoni. Akatuonyesha lile koleo la kuhasi, refu, zito, lisilo na makali, linalobana mishipa kwa ndani bila kumwaga tone la damu. Alitufundishia kwenye kandambili ya Kinyozi, na tangu siku hiyo kandambili hiyo haijawahi kuwa nzima. "Upande mmoja kwanza, hesabu kumi na tano, achia. Halafu upande wa pili, chini kidogo. Alama zisilingane! Mkibana mstari mmoja moja kwa moja, damu haipiti, mtanipigia simu mnalia. Ganzi ni ya saa moja." Simu ikalia tena, akaipokea, akasikiliza, akaguna. "Kuna ng'ombe amekwama kuzaa huko ng'ambo ya barabara. Mtaweza wenyewe?"

"Tutaweza," alisema Fundi. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayejaribu kiatu kinachombana.

Pikipiki ikanguruma ikaenda zake, na sisi tukabaki na jiko la mkaa, chuma chekundu, koleo, na saa moja.

Hapo ndipo Fundi alipojivika silaha. Akavaa aproni yake ya kazi yenye mifuko minne. Akatundika tepu shingoni, akaweka chaki nyuma ya sikio, akachomeka kastabini kwenye kidole cha kati, ile kofia ndogo ya bati ya kuzuia sindano, ambayo kazi yake vitani sikuielewa wala sikuuliza. Kisha akasimama mbele ya zizi, akatugeukia, mimi na Kinyozi, akanena.

"Kinyozi, ndugu yangu wa mkasi! Na wewe Shemeji, mwenye kalamu isiyofuta! Tumekula sahani moja, tumeziba bati moja, tumezika paka mmoja. Leo tunaingia humu watatu, na kama tutatoka wawili, basi yule wa tatu na akumbukwe kwa wema, na zile suruali zilizoko kwenye kabati kushoto wapewe wenyewe, zina vikaratasi vya majina. Nimewavisha watu nguo miaka arobaini kwa kuwapimia, lakini ushujaa sikupata kumpimia mtu, maana haukuwahi kuja dukani..."

"Ganzi inaisha, nyie!" dada yangu akapaza sauti kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

Tukaingia.

Jemadari alikuwa amesimama kona ya mbali, karibu na hori la majani, masikio yamepanuka. Kinyozi alikuwa wa kwanza, kwa sababu manyoya yanayozunguka vifungo lazima yanyolewe kabla ya chuma kupita, na hiyo ilikuwa zamu yake, Kinyozi, Adui wa Ndevu, Mfagiaji wa Visogo. Aliwasha mashine yake ya betri, akasogea kwa tabasamu la kibandani.

"Karibu bosi, kaa hapa, leo tunapunguza pembeni tu."

Bosi akaja, lakini si kukaa. Alipita katikati ya miguu ya Kinyozi, akambeba kinyumenyume, hatua tano nilizihesabu, Kinyozi kashikilia mkia na mashine ingali ikinguruma. Nikatupa kamba. Kamba ikamnasa Fundi. Nikatupa tena, ikanasa ndoo. Sipendi kulikalia sana jambo hilo. Mara ya tatu ikamnasa adui, nami nikajitosa kwenye mguu wa nyuma, wa kushoto, nikaukumbatia kwa mikono miwili na Daftari likiwa kwapani, na hapo ndipo nilipopigwa teke ambalo, nikisema ukweli mtupu, lilinihamisha. Nilijikuta nimekaa ndani ya hori. Suruali imechanika kutoka kiunoni hadi gotini. Basi nikaendelea kuamrisha majeshi nikiwa humo humo horini, na wala pasiwe na mtu wa kusema nilijificha.

Kwa kufa na kupona wakamtuliza, kichwa kikafungwa kwenye nguzo. Kinyozi akanyoa. Alinyoa vizuri mno, maduara mawili safi, kisha kwa mazoea akapuliza manyoya, akapaka poda shingoni, akauliza, "Chini tuchonge?"

Fundi akachukua chuma. Alichovya kidole kwenye maji, akadondosha tone, likasema tsss. Hiyo ni desturi yake, hapigi pasi bila kuionja. Akakiweka juu ya kifungo cha kwanza. Moshi ukapanda.

Ole wetu! Nilimwona shemeji yangu akipauka kuanzia masikioni. Ndama alikuwa kimya, hasikii kitu, anatafuna kamba. Anayeteseka alikuwa Fundi.

"Shemeji," alininong'oneza. "Koti."

"Koti gani?"

"La bwana harusi." Na magoti yake yakaanza kukunjika taratibu, na chuma kikaanza kucheza mkononi. Ikiwa angeanguka pale, chuma kingeteleza, kifungo kingebaki nusu, na nusu huota pembe, mbovu, iliyopinda. Sote tulilijua hilo. Kinyozi alishika kichwa cha ndama kwa mikono yote miwili, mimi nilikuwa horini, hapakuwa na mkono wa kumshika Fundi.

Ndipo sauti ikaja kutoka nje ya mbao. Dada yangu alikuwa ametoka jikoni, amesimama pale pale anaposimama kila siku, mkono juu ya mti wa kufungia.

"Baba Watoto! Hiyo ni kola! Piga kola, uhesabu!"

Mwajua, kila fundi ana hesabu yake ya kola, na ya shemeji yangu nimeisikia ikipita dirishani miaka na miaka. Akafumba macho, akavuta pumzi kwa mdomo, akaanza, kwanza kwa kukwaruza, kisha kwa sauti iliyonyooka. "Moja, kola imelowa. Mbili, kola imelala. Tatu, kola haina kinyongo. Nne, geuza..." Naye akakizungusha chuma polepole, kama anavyozungusha ncha ya pasi, mpaka kumi na mbili, kola ya mzee wa heshima. Magoti yakarudi mahali pake. Alipoinua chuma pale palikuwa na duara safi la rangi ya shaba, na kifungo kikang'oka chenyewe. Hakukitupa. Hakuna fundi anayetupa kifungo. Alikitia kwenye mfuko wa aproni, akapiga cha pili, akaenda hadi kwenye mbao akamwonyesha mkewe vyote viwili kiganjani.

"Viwili," alisema akihema.

"Bado viwili," alisema dada. Lakini alivitazama kwa muda mrefu, akavigusa kwa ncha ya kidole.

Sasa ikabaki kazi ya koleo, kazi ambayo wanaume huizungumzia kwa mafumbo. Fundi akapiga magoti nyuma ya Jemadari, akachukua chaki nyuma ya sikio ili apige alama mbili zisizolingana, kama alivyoagizwa, maana yeye hakati wala habani kitu ambacho hakukipigia alama. Mkono mmoja ukaingia katikati ya miguu. Ukasimama. Ukaenda mbele kidogo. Ukarudi.

"Shemeji," aliita.

"Naam?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu."

Hata mama zao ng'ombe waliacha kucheua.

"Tafuta vizuri, Mzee Fundi," alisema Kinyozi. "Labda amevipandisha kwa woga. Mimi mwenyewe tangu nimeliona hilo koleo, vimepanda."

Nikasimama horini, nikafungua Daftari, kwa kuwa haikuwa saa ya kubahatisha. "'Mmoja dume, mkali, ameitwa Jemadari.' Dume! Imeandikwa kwa wino. Endelea kutafuta."

"Shemeji, mkono wangu uko hapa, na daftari lako liko huko horini."

"Miaka thelathini na miwili sijafuta neno!"

"Na mimi nimewapimia wanaume suruali miaka arobaini!" alinguruma Fundi, na sijawahi kumsikia akinguruma. "Najua panapokuwa na kitu na pasipokuwa na kitu! Hapa, Shemeji, ningemshonea gauni!"

Kinyozi akashauri tumpigie simu daktari. Mimi nikashauri tuandike kwamba vimepotea vitani. Fundi, maskini, akanyoosha mkono wake juani akautazama, akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo, mtu akipatwa na hofu kubwa, vidole navyo huweza kufa ganzi. Na tungebaki hapo tukishauriana mpaka ganzi iishe na saa ipite, kama nje ya mbao pasingelipuka kicheko.

Dada yangu alikuwa anacheka. Alianza kwa kujizuia, mwiko mdomoni, kisha akashindwa, akajishika mbavu kwa mikono miwili, akainama, machozi yakamtoka. "Msinichekeshe! Mbavu zangu! Jamani, mbavu!" Miezi miwili nyumba ile haikuwa imekisikia kicheko hicho. Kisha nikasikia mti wa mlangoni ukianguka chini, kwaa, na akapita katikati yetu kwa hatua kubwa kubwa, amekasirika na anacheka vyote kwa pamoja, akamsogeza mumewe kando kwa kiwiko, akainua mkia wa Jemadari.

"Huyu ni jike," alisema. Akavuka hadi kwa Mwali, aliyekuwa amejilaza anaota jua, akamwinua, akainua mkia. "Dume lenu hili hapa. Nani aliwaambia yule ni dume?"

"Alizaliwa analia kwa sauti nzito," alisema Fundi.

"Ulimwangalia?"

"Nilikuwa nimefumba macho. Kulikuwa na... mambo mengi pale."

"Na wewe mdogo wangu, mwenye wino?"

"Mimi niliandika nilichoambiwa, kutoka nje ya mlango, kwa mujibu wa utaratibu."

"Na wewe unayeingia humu kila siku?"

"Mama, mimi nashughulika na mama zao," alisema Kinyozi. "Na daftari lilishasema."

"Wiki sita! Yule akikojoa, mnaangalia wapi?"

"Tunakimbia," tulijibu wote watatu, kwa maana ndio ulikuwa ukweli.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeliona jambo ambalo dada mwenyewe alikuwa hajaliona, nami kwa tabia yangu siwezi kuona jambo nisilitaje, nikataka kusema, Dada, unajua umesimama wapi? Ndipo nikamwona Fundi. Ameweka kidole chake cha kati mdomoni, kastabini inang'aa juani, na macho yake yananisihi. Nikaufunga mdomo. Katika vita vyote vya siku ile, hilo ndilo teke zito nililolipokea mimi, kukaa kimya.

"Mnasubiri nini?" alisema dada. "Zimebaki dakika ishirini." Akamkumbatia Mwali kichwa, akakibana kwapani, kwa namna anayoijua yeye, na ndama akatulia kabisa. Kinyozi akanyoa, safari hii bila poda. Chuma kikaonjwa kwa tone la maji, kikashuka. Moshi ukapanda tena, na Fundi akahesabu kola mbili bila kufumba macho, kwa sababu macho yake hayakuwa kwenye moshi. Yalikuwa kwenye mikono ya mkewe, iliyozunguka kile kichwa. Kifungo cha tatu kikaingia mfukoni, kikafuata cha nne.

Kisha akapiga alama zake mbili za chaki, ya kushoto juu, ya kulia chini, akapima tofauti kwa tepu, akapima tena, akasema, "Zimepishana robo inchi, sawasawa," akalichukua koleo. Likabana. Kakachaa! Kinyozi akakunja miguu. Mimi niliweka Daftari mapajani nikalishikilia. Fundi akahesabu kumi na tano, akaachia, akabana upande wa pili, kakachaa, na Mwali akalia mara moja tu, akarusha teke la heshima, kisha akageuka kulamba sikio la mtesi wake na kuulizia maziwa. Dume likawa maksai, na ukuta wa jirani ukanusurika.

Hapo Fundi akafanya mambo yafuatayo, nayo nimeyaandika kwa mpangilio. Alirudisha chuma kwenye kigae chake, maana hajawahi kuacha pasi ya moto ovyo. Alitundika koleo kwenye msumari. Alikunja tepu. Alimkabidhi mkewe vifungo vinne, kimoja kimoja. Na baada ya hayo yote akaanguka chali juu ya lundo la samadi, mikono imenyooka. Kinyozi anasema alizimia. Daftari linasema, "Shujaa alipumzika."

Yaliyobaki ni machache, lakini msiondoke. Saa kumi jioni Fundi alikuwa barazani, ameoga mara mbili, anashona suruali yangu, majeruhi wa horini. Kinyozi alikuja kuchukua ndoo kama kawaida, akanyoosha mkono mlangoni, mkono ukashika hewa. Ndoo haikuwapo. Tukasikia zizini sauti ya maziwa yakigonga bati, chwii, chwii, na sauti ya dada yangu akimsengenya mtu kwa ng'ombe, na mtu huyo, nilisikia vizuri, nilikuwa mimi na daftari langu. Fundi akainua mguu kutoka kwenye cherehani ili asikilize.

Na kutoka zizini dada akapaza sauti, "Jamani, nimesahau sufuria motoni!"

Safari hii kweli ilikuwa motoni. Harufu ya kuungua ilitoka jikoni ikavuka baraza, nzito, ya maharage yaliyokauka, na mimi na Kinyozi tukamgeukia Fundi tukiwa tayari kumdaka. Akanusa. Akapauka kidogo masikioni. Kisha akasimama, akaweka suruali yangu kando, akaenda jikoni kwa miguu yake mwenyewe, akahesabu kola kwa sauti njia nzima, na akaepua sufuria.

Basi ijulikane na vizazi vyote vitakavyokaa katika boma lile na katika maboma ya jirani, kwamba Fundi, Mshindi wa Vifungo Vinne, Mwepuaji wa Sufuria, alipigana na akashinda. Kwamba Jemadari ni jike, atabaki na jina lake, na siku moja atazaa. Na kwamba usiku haujaingia mimi nilifungua Daftari la Nyumba ukurasa ule wa wiki sita nyuma, nikapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya neno dume, mstari wangu wa kwanza tangu nishike kalamu, nikaandika jike, nikatia sahihi. Chini yake nikaandika saa ambayo dada yangu aliingia zizini. Yeye mwenyewe mpaka leo hajatuuliza, na sisi hatujamwambia.